Kolidoro ya etaje: mlango njo wa kupaka, lakini usiusugue kavu

Nyumba za etaje za katikati ya mji wa Lubumbashi, zile za tangu wakati wa Elisabethville, magazini chini na familia juu, zinafanana kwa kitu kimoja. Unapanda ngazi, unafika juu, unakuta giza. Kolidoro ndefu, haina dirisha hata moja, milango minne ama sita, yote imefungwa, yote iko na ile kahawia ya verni iliyozeeka. Saa sita ya mchana mtu anatafuta kifungio cha taa. Na kama SNEL imekata umeme, anapapasa ukuta kwa mkono mpaka akute chumba chake.

Chini, ku saloni, mambo ni mengine. Kule kuna mafotei, rido mpya, na ukuta ulipakwa juzi juzi juu ya komunyo ya mtoto. Feza ya kupamba nyumba inaishia chini, juu wageni nao wanaishia chini. Etaje inangoja miaka kumi, makumi mawili. Paka siku ya kilio, wakati wamama wanapanda kwenda kulala na mfiwa, njo macho ya watu yanafika kule, na mwenye nyumba anaongeza haya juu ya huzuni.

Wasomaji wengi wanatuuliza namna ya kutengeneza nyumba ya zamani bila kuibomoa. Leo tunaanzia pale juu, sababu tunaona kama kazi ile haiko ya feza nyingi kwa mtu anayejua mahali pa kushika. Lakini iko na hatari moja ambayo haionekani kwa macho, na tutaisema kwa urefu.

Kwanza tupime. Tuseme kolidoro iko na mita 6, milango mitatu kila upande. Mlango wa ndani uko na upana wa sentimita 80 hivi. Ukihesabu na kadre yake, unafika 95. Milango mitatu inakula karibu mita 3. Maana yake, ule upande mmoja wa mita 6, nusu yake haiko ukuta, ni mbao. Hapo njo watu wengi wanapotea. Wananunua ndoo kubwa ya rangi nyeupe, wanapaka ukuta na plafo, kiisha wanashangaa juu ya nini giza bado iko. Giza imebaki ku milango. Verni ya zamani inameza mwanga, haiurudishi. Hata ampule ya nguvu, ukiiweka katikati ya milango sita ya kahawia, inaonekana sawa imechoka.

Kwa hiyo mwenye feza kidogo aache ukuta, aanze na milango. Hesabu yake ni nyepesi: mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 ni mita mraba 1,6. Milango sita, upande wa kolidoro tu, ni karibu 10. Ukitia na kadre, 12. Lita moja ya rangi nzuri inafunika karibu mita mraba 10 kwa tabaka moja. Tabaka mbili, basi, ni lita 2 na nusu, tuseme 3 juu ya kile kinachobaki mu rulo na ku penso. Ongeza lita moja na nusu ya rangi ya msingi, ile wauzaji wanaita sukushi. Ni yote. Upande wa ndani ya vyumba unaweza kungoja mwaka mwingine. Mlango ukiwa umefungwa hakuna anayeona pande mbili kwa mara moja.

Hapa mzee wa nyumba ataingilia. “Mwanangu, hiyo ni mbao ya kweli. Ni mulombwa. Baba alilipa feza nyingi. Unaifunika na rangi juu ya nini?” Na kama ni mulombwa kweli, sisi tuko upande wa mzee. Mulombwa na ndugu yake mukula ni miti ya msitu wetu wa Katanga, na ile mukula imekatwa mu miaka iliyopita sawa mahindi, ikapakiwa mu makontena kwenda China, mpaka mwaka 2019 dunia ikaitia ku orodha ya CITES ili biashara yake iangaliwe. Mlango mzima wa mti wa namna ile, leo huwezi kuupata kwa bei ya zamani. Uoshe, uupe verni mpya ama nta, uuache uwe mwekundu. Kupaka mafuta ya kijani juu yake, tuseme wazi, ni kuharibu mali.

Lakini tafadhali, mzee, tupige mlango kwanza. Piga na kidole katikati. Ukilia sawa ngoma, ndani mko hewa: ni tripleksi mbili nyembamba zilizobandikwa juu ya kadre ya vijiti. Fungua, panda ku kiti, angalia ku ukingo wa juu, pale fundi wa zamani hakupaka kitu juu alijua hakuna atakayeangalia. Utaona tabaka za tripleksi wazi wazi. Milango mingi ya ndani iliyotiwa mu nyumba za miaka ya 1950 ni ya namna ile. Verni ya kahawia iliwekwa ili ionekane sawa mti wa thamani, na familia ikaamini. Mabishano mengi ya “mbao ya baba” yanaishia hapo juu ya kiti. Mara nyingi kadre peke yake njo mti wa kweli, na unaweza kuiacha na verni yake, mlango katikati ukawa na rangi. Inapendeza, na mzee anabaki na kitu chake.

Sasa tufike ku ile hatari.

Nyumba ya zamani haikupakwa mara moja. Chini ya kahawia kunaweza kuwa na krimu, chini ya krimu kijivu, chini ya kijivu nyeupe ya kwanza. Kadre, plinte na milango ya upande wa bafu, sana sana, ilipakwa na kupakwa tena. Na mu rangi za mafuta za zamani walitia risasi, ile metali Kifaransa inaita plomb, sababu ilifanya rangi iwe nyeupe, ishike vizuri na ikauke mbio. Tangu mwaka 1921, huko Geneva, mataifa yaliandika mapatano ya kukataza nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Lakini risasi iliendelea miaka mingi mu rangi zingine na mu dawa za kukausha; Marekani yenyewe ilikataza rangi ya namna ile mu nyumba za watu mwaka 1978 tu. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa mbele ya wakati ule, mwenye nayo asiulize kama risasi iko. Afanye kazi sawa mtu anayejua kama iko.

Rangi ile ikilala kimya ku mlango, haimwui mtu. Inaua wakati inageuka kuwa vumbi. Na njo kitu fundi anafanya siku ya kwanza: anachukua karatasi ya kusugua, anasugua mlango mkavu kutoka asubuhi mpaka jioni, kolidoro yote inajaa ukungu mweupe, hakuna dirisha la kuutoa, na watoto wanapita mo wakienda kutafuta viatu vyao. Vumbi linashuka ku simiti. Mtoto mwenye kutambaa anaweka mikono pale, kiisha mikono inaenda mu kinywa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema mtoto mdogo anachukua mu damu risasi mara 4 ama 5 kuliko mtu mzima aliyekula kiasi kile kile, na kama hali vizuri, kama damu yake ina upungufu wa chuma, anachukua zaidi. Inaenda ku ubongo. Mtoto hatalia, hatakuwa na homa. Ataanza kuwa mzito ku masomo, mkali bila sababu, na mwalimu atasema ni mvivu. OMS inasema pia hakuna kiasi cha risasi mu damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa mama mwenye mimba, risasi inapita mpaka ku mtoto wa tumboni.

Tunaikazia sana juu ya mahali tunapokaa. Watoto wetu wako na metali ya kutosha tayari. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: wale wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikutwa na kobalti nyingi mno, na metali zingine pamoja nayo, risasi ikiwa mo. Na wenye kupita njia ya Kasumbalesa kwenda Lusaka wanaijua Kabwe, kule Zambia. Mgodi wa risasi wa pale ulifungwa mwaka 1994, na mpaka leo udongo wa mitaa yake unaingiza risasi mu damu ya watoto waliozaliwa miaka mingi nyuma ya kufungwa. Familia haiwezi kuhamisha kiwanda. Lakini vumbi la mlango wake mwenyewe, hilo inaweza kulizuia.

Namna yake haiko ngumu. Pale rangi ama verni ya zamani imeshika vizuri, haitoki kwa kucha, usiitoe. Hakuna sababu. Ioshe na maji ya sabuni, ngoja ikauke, kiisha ipitishe karatasi laini ya kusugua ya maji, ile nyeusi ya magaraje, ikiwa imelowa, mpaka mng’ao upotee tu. Mkono mmoja karatasi, mkono mwingine sponji, ndoo ya maji chini. Kinachotoka ni uji, haiko vumbi. Unaupangusa na kitambaa, kitambaa kinaenda mu mfuko wa takataka. Pale rangi imebabuka, lowesha na maji kwanza, kwangua pole pole na kisu kipana cha mastiki, vipande viangukie ku plastiki uliyotandika.

Fundi atasema: “Mama, acha nitachoma na shalimo, iko mbio, kesho asubuhi tunapaka.” Mujibu kwa heshima, lakini mukatae: “Hapana, papa fundi. Hapa tunafanya na maji.” Moto unageuza risasi kuwa moshi, na wa kwanza kuuvuta ni fundi mwenyewe. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini vile, sembuse moshi. Tumeona mafundi wazuri, vijana, wanaofanya kazi ile miaka na miaka wakiwa wamejikinga na kipande cha shati. Mwenye nyumba anayelipa kazi ana haki ya kusema namna kazi inavyofanyika, na ana deni kwa mtu anayeifanya. Ongeza siku mbili ku malipo. Kazi ya maji inachukua wakati.

Watoto na wenye mimba wasilale etaje siku zile. Kama familia haina mahali pengine, walale saloni. Usifagie na ufagio, pitisha kitambaa chenye maji mara mbili, na maji ya pili yawe mapya. Nguo za kazi zioshwe peke yake. Na ule uji pamoja na vipande vya rangi visimwagwe nyuma ya nyumba pale mama analima lengalenga, kwa sababu risasi haiozi. Itabaki mu udongo ule mpaka wajukuu.

Hata rangi mpya inaomba macho. Vipimo vilivyofanywa mu nchi nyingi za Afrika vimeonyesha mara kwa mara kama rangi za mafuta za manjano na nyekundu, zile za kung’aa, njo zinakutwa na risasi nyingi. OMS na Umoja wa Mataifa wanaomba nchi ziweke mwisho wa sehemu 90 kwa milioni. Ku dukani angalia maandishi ya ndoo, iwe imetoka Zambia, Afrika ya Kusini ama hapa hapa: tafuta neno la kusema haina risasi. Kama hakuna, na rangi ni manjano ya kuwaka, achana nayo. Rangi za maji za milango ziko siku hizi, zinakauka mbio, harufu yake ni ndogo, na penso inaoshwa ku robine. Kwa kolidoro isiyo na dirisha, sisi tungechagua hizo. Kitu kimoja tu: mti mwekundu unaweza kutoa rangi yake juu ya nyeupe yako, alama za waridi zinatokea kesho yake. Ile verni ya zamani uliyoiacha chini inasaidia kuuzuia. Hiyo nayo ni sababu ya kutoikwangua. Jaribu sukushi ku kona ya chini, ngoja siku moja, uone.

Rangi gani? Nyeupe inaleta mwanga kuliko zote, lakini Lubumbashi ni mji wa udongo mwekundu, na kila mkono unaogusa mlango unaacha cheti chake. Kijivu chepesi, kijani ya majani yaliyokauka, bluu iliyotulia, rangi ya mchanga: hizo zinarudisha mwanga wa kutosha na zinasamehe. Chukua satine. Ile ya kung’aa sana inaonyesha kila kidonda cha tripleksi, na ile ya mate inashika vidole, haioshwi. Kuna wanaopenda kila mlango na rangi yake, wa yaya waridi, wa mdogo wake kijani, wa wazazi bluu. Kwa macho yetu kolidoro inakuwa sawa shule ya watoto wachanga, na yaya akiolewa chumba kinarithiwa na kaka mwenye ndevu. Rangi moja inatosha. Labda milango miwili itoke mu mstari: ule wa mwisho, unaotazamana na ngazi, unaweza kuwa mzito kuliko yote, jicho linaufuata na kolidoro inaonekana kuwa na mwisho. Na wa choo uwe mweupe kuliko yote, ili usiku wa delestaji mgeni mwenye mwanga wa simu asifungue chumba cha bibi.

Mwezi pia ni wa kuchagua. Mvua zikiisha mbao inakauka, na upepo wa mavumbi wa mwezi wa nane na wa tisa bado haujaanza. Mwezi wa tano na wa sita njo wakati wake. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kuna baridi, usianze mbele ya saa nne, rangi itakaa na utelezi mpaka jioni. Toa mushikio na sahani yake, vitu vyote mu mfuko mmoja kwa kila mlango, na namba juu ya mfuko. Usipake vyuma vinavyobeba mlango wala ulimi wa serire. Mlango wenye sharnyeri zilizopakwa mara tatu unalia usiku kucha. Ukingo kwanza na penso, kiisha upande mpana na rulo ndogo ya sponji, kutoka juu kwenda chini. Tabaka nyembamba mbili ni bora kuliko moja nene.

Na jambo ambalo mafundi wa haraka wanasahau: mu kiangazi mbao imejikunja. Nafasi kati ya mlango na kadre inaonekana kubwa, unapaka ukingo bila hesabu, sukushi, tabaka, tabaka. Mwezi wa kumi na moja mvua inaanza, mbao inavimba, mlango unakwama, na kwa kawaida unakwama ule wa bafu, mtoto akiwa ndani. Mbele ya kupaka, pitisha sarafu ama kadi ya simu kuzunguka kadre nzima. Pale kadi inabana, fundi apunguze ukingo kwa randa kwanza, akiwa ameulowesha, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Kiisha acha milango yote wazi kidogo siku mbili, na vipande vya karatasi vya kuzuia isifungwe na upepo.